Shaba Chini, Dawa Juu: Uhai wa Udongo wa Lubumbashi

Upepo wa Lubumbashi, kwa sehemu kubwa ya mwaka, hutoka kusini mashariki. Tangu tanuri la shaba lilipowashwa mwaka 1911 hadi lilipozimika mapema miaka ya 1990, upepo huo uliupokea moshi wa kampuni ya madini ya Union Minière, baadaye Gécamines, ukaumwaga upande mmoja wa mji, kaskazini magharibi. Katika njia hiyo ya moshi umo mtaa wa Penga Penga. Miti ya miombo ilikufa, nyasi nazo zikaenda, na mvua za masika zikaanza kuchonga makorongo katika ardhi isiyokuwa na mzizi wa kuishika.

Habari hii tumezoea kuisimulia kama habari ya madini. Leo naomba niisimulie kama habari ya dawa za kilimo, kwa sababu shaba ni dawa ya kilimo, tena kongwe. Mwaka 1885, huko Bordeaux, Ufaransa, mtaalamu wa mimea Pierre-Marie-Alexis Millardet alitangaza kwamba salfeti ya shaba ikichanganywa na chokaa huzuia ubwiri vinyoya usiimalize mizabibu. Tangu hapo shaba imepuliziwa mizabibu, viazi, nyanya na, kwa jirani zetu wa mashariki, kahawa. Chulebuni, ugonjwa ulioonekana kwanza Kenya mwaka 1922, pamoja na kutu ya majani, viliwafanya wakulima wa Kenya na wa miteremko ya Kilimanjaro wapulizie shaba msimu baada ya msimu, na udongo wa mashamba ya zamani bado unayo. Dawa nyingine huvunjwavunjwa na jua, maji na bakteria. Shaba ni elementi. Haina cha kuvunjwa.

Tufanye hesabu ndogo. Tangu mwaka 2019 Umoja wa Ulaya unamruhusu mkulima kutumia kilo 28 za shaba kwa hekta katika miaka 7, yaani wastani wa kilo 4 kwa mwaka. Sentimita 20 za juu za udongo wa hekta moja zina uzito wa tani 2,600 hivi. Kilo 4 zikichanganyika humo huongeza kama miligramu 1.5 za shaba katika kila kilo ya udongo. Kufikisha miligramu 1,000, mkulima huyo angepulizia kwa zaidi ya miaka 600. Udongo wa karibu na tanuri la Lubumbashi umepimwa ukakutwa na maelfu ya miligramu. Kilichotendeka pale ni jaribio ambalo hakuna mwanasayansi angepewa ruhusa ya kulifanya: dawa ya ukungu ya karne nyingi kumwagwa juu ya mji katika umri wa mtu mmoja.

Ndiyo maana nashikilia kwamba swali la viuatilifu na uhai wa udongo haliulizwi Lubumbashi kama linavyoulizwa Kiambu au Arusha. Kule mtu huanza kwa kuuliza dawa hii inaua nini. Hapa inabidi aanze nyuma kidogo: dawa hii inamkuta nani chini, na huyo aliyebaki ana nguvu gani ya kuipokea?

Basi tuanze na hao walio chini. Gramu moja ya udongo wenye afya, chembe unazoweza kuzishika kwa ncha za vidole viwili, inaweza kubeba bakteria bilioni moja wa maelfu ya aina, pamoja na nyuzi za kuvu ambazo zikinyooshwa zinapimwa kwa mita. Hao ndio wanaoozesha majani na mabua. Ndio wanaogeuza naitrojeni ya samadi kuwa chakula ambacho mzizi unaweza kukinywa. Rizobia wanaingia katika mizizi ya maharage na karanga, wanajenga vinundu, na humo wanaikamata naitrojeni ya hewani. Kuvu wa maikoriza wanaungana na mizizi, wanatandaza nyuzi zao mbali kuliko mzizi wenyewe unavyofika, na kuleta fosforasi na maji kwa malipo ya sukari.

Mtu wa jimbo letu la Haut-Katanga anaujua ushirika huo kwa tumbo lake. Uyoga wa njano ambao akina mama wanauza kando ya barabara msimu wa mvua ni zao la kuvu waliofungamana na mizizi ya miti ya miombo. Mti ukikatwa kwa ajili ya makaa, uyoga nao umekwisha. Ule mwingine mkubwa, unaochomoza vichuguuni, ni kuvu wanaolimwa na mchwa ndani ya kichuguu chao. Kabla chuo kikuu hakijafunguliwa mjini, watu walikwisha kujua kwamba bulongo, kama unavyoitwa udongo huku, una wenyewe.

Na hapa wenyewe hao wana uzito kuliko mahali pengi. Udongo wa uwanda wa Lubumbashi ni mzee, mwekundu au wa njano, umeoshwa na mvua kwa muda usiohesabika. Kilichobaki ni oksidi za chuma na alumini, zinazoing'ang'ania fosforasi mpaka mmea unaikosa. Ni udongo wenye uchachu, pH yake mara nyingi haifiki 5.5. Katika udongo wa volkano wa Kilimanjaro madini yenyewe yanalisha mmea kwa sehemu. Hapa ghala ni mboji, na wenye funguo za ghala ni vijidudu. Ukiwapunguza, huna akiba nyingine ya kukimbilia.

Wana pia majira yao. Mvua hukatika Aprili, kisha nchi inakauka hadi Oktoba, moto unapita vichakani, vijidudu vinalala au kufa. Mwaka 1958 mwanasayansi H. F. Birch, aliyekuwa akifanya kazi Muguga, nje kidogo ya Nairobi, alieleza kinachotokea udongo uliokauka ukinyeshewa: vijidudu vinaamka kwa kishindo, vinaozesha mboji kwa kasi, na naitrojeni nyingi inaachiliwa kwa siku chache. Tukio hilo hadi leo linabeba jina lake duniani kote. Mkulima wa Haut-Katanga analijua bila jina: mahindi yaliyopandwa na mvua za kwanza hupata rangi ambayo ya kuchelewa hayaipati. Sasa tazama kalenda yetu ya dawa. Dawa ya magugu hupigwa mwanzoni mwa mvua ili shamba lisafishwe kabla ya kupanda. Wiki chache baadaye dawa ya viwavi inaingia. Tunawapulizia vijidudu katika majuma yale yale wanayofanya kazi kubwa ya mwaka mzima.

Turudi kwa shaba, maana ndiyo mwalimu wetu wa kwanza. Huko Woburn, Uingereza, tope la maji taka lenye zinki, kadimi na shaba liliwekwa katika shamba la majaribio tangu 1942 hadi 1961, kisha likaachwa. Zaidi ya miaka ishirini baadaye watafiti wa kituo cha Rothamsted, Steve McGrath, Phil Brookes na Ken Giller, walikuta kwamba klova nyeupe iliyooteshwa pale ilikuwa na vinundu mizizini, lakini vinundu visivyokamata naitrojeni. Rizobia waliokuwa wamebaki ni wale walioweza kustahimili metali lakini hawakuweza kufanya kazi. Vinundu vilikuwepo kwa macho.  Kazi yake ndiyo iliyokuwa imekoma.

Katanga ina mfano wake wenyewe, tena wa kupendeza. Juu ya vilima vya shaba huota mmea mdogo wa maua ya zambarau, Haumaniastrum katangense, ambao wanabotania wa Kibelgiji kama Paul Duvigneaud waliuchunguza tangu miaka ya 1950. Watafutaji wa madini waliutumia kama alama; wanaakiolojia wameukuta umejaa mahali ambapo wayeyushaji wa kale walimimina misalaba yao ya shaba. Kwa nini unapenda sumu? Maelezo yanayopewa uzito ni kwamba haupendi shaba kwa ajili ya shaba. Katika udongo wa kawaida miche yake hushambuliwa na kuvu na kuoza. Katika udongo wa shaba kuvu hao wamepungua, nao unapona. Kwa mmea huo kilima chenyewe ndicho bomba la dawa ya ukungu. Lakini kinacholiokoa ua hilo ndicho kinachoinyima miche ya mahindi na nyanya kuvu wao wa kuwasaidia, na sumu ya shaba hiyo hiyo ndiyo inayovinyima vilima hivyo msitu.

Sasa twende bustanini. Kilimo cha mboga kilitanuka Lubumbashi hasa pale Gécamines ilipoporomoka na familia za wafanyakazi zikabaki bila mshahara. Tangu mwaka 2000 FAO iliunga mkono kilimo hicho hapa na Likasi, Kinshasa, Kisangani na Mbanza-Ngungu. Leo ukishuka kwenye mabonde, Kashamata, kando ya mto Kafubu, kando ya Naviundu, utakuta matuta ya lengalenga, shu (kabichi), nyanya na vitunguu, yakimwagiliwa kwa ndoo wakati wa kiangazi na kupigwa dawa wakati wa mvua. Watafiti wa Kitivo cha Sayansi za Kilimo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akiwemo Michel Mpundu Mubemba, wamepima metali katika udongo wa bustani na katika mboga za majani zinazouzwa masokoni, na wamezikuta.

Simama karibu na mtu anayetayarisha dawa. Bomba la mgongoni liko chini, mdomo wazi, lita 16 za maji ya kisima zimekwisha kumiminwa. Dawa iko katika chupa ya plastiki iliyowahi kuwa na soda au mafuta ya kula, kwa sababu muuzaji hununua chupa kubwa na kuigawa kwa kipimo ambacho mfuko wa mteja unaruhusu. Lebo imebaki kwenye chupa kubwa, dukani, na mara nyingi imeandikwa Kiingereza, maana bidhaa imevuka mpaka wa Kasumbalesa kutoka Zambia. Ukiuliza kipimo, kipimo ni kifuniko. Vifuniko viwili kwa bomba. Viwavi wakiwa wengi, vitatu. Na kama mvua inatishia, wengine wanaongeza dawa ya pili ndani ya maji yale yale ili watoke mara moja. Baada ya kazi bomba linasuuzwa mtaroni au pembeni ya tuta, mahali pale pale kila wiki. Kila tafiti zinaposema kwamba dawa fulani haina madhara makubwa kwa vijidudu "kwa kipimo kilichopendekezwa", macho yangu huenda kwenye kile kifuniko na kwenye ile pembe ya tuta.

Dawa zenyewe hazifanani, na mjadala mwingi unaharibika kwa kuziweka zote katika kapu moja.

Za ukungu ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi, ingawa ndizo zinazozungumzwa kidogo. Sababu ni rahisi: zimetengenezwa kuua kuvu, na chini ya ardhi kuvu ndio nusu ya wafanyakazi. Nyingi hazina namna ya kutofautisha ukungu wa bakajani chelewa kwenye jani la nyanya na maikoriza kwenye mzizi wa nyanya hiyo hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022, uliopima udongo wa mashamba 150 ya Ulaya, ulionyesha kwamba matumizi ya dawa za ukungu yalikwenda pamoja na kupungua kwa fosforasi ambayo maikoriza huipelekea mimea. Kwa udongo unaoing'ang'ania fosforasi kama wetu, hiyo ni hasara inayoingia moja kwa moja kwenye debe la mavuno. Mankozebu, unga ule wa manjano unaopigwa kwenye nyanya karibu kila wiki wakati wa mvua, huvunjika upesi udongoni, lakini hupunguza kasi ya bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitreti. Umoja wa Ulaya ulikataa kuihuisha idhini yake mwaka 2020, zaidi kwa sababu ya afya ya watu.

Halafu kuna dawa za ukungu zenye shaba. Mahali pengi duniani mkulima anayekwepa kemikali za viwandani huambiwa atumie shaba, na kilimo hai kinaziruhusu. Kwa Lubumbashi nadhani ushauri huo ni wa kukataliwa. Aliye upande wa moshi, au anayemwagilia kwa maji ya mto uliopita kwenye viwanda vya madini, tayari anayo shaba ambayo hawezi kuiondoa yeye wala wajukuu wake. Kumwongezea nyingine kwa jina la usalama ni kumkosea.

Dawa za wadudu zina sura tofauti. Sipamethrini na ndugu zake haziwapigi sana bakteria kwa kipimo cha kawaida. Zinawapiga wanyama wa udongoni ambao huwaandalia bakteria kazi: nyungunyungu, kolembola, chungu, mchwa. Mapitio ya watafiti wa Marekani yaliyochapishwa mwaka 2021, yaliyokusanya karibu tafiti 400, yalikuta kwamba katika vipimo takriban 7 kati ya 10 viuatilifu viliwadhuru wanyama wa udongoni. Huku kwetu mnyama wa kwanza kwa uzito ni mchwa. Vichuguu vya Macrotermes falciger vinavyosimama kama nyumba kuzunguka Lubumbashi vina udongo usio na uchachu mwingi na wenye kalisi nyingi kuliko udongo unaovizunguka. Basile Mujinya wa chuo kikuu hapa amevichunguza kwa miaka, na wakulima huvivunja wakatandaza udongo wake shambani kama mbolea. Mchwa wanakula mahindi, ni kweli, na ana haki mkulima anayewachukia. Lakini klorpirifosi inayomwagwa kuwaua huacha zao la kuvunjika kwake ambalo lenyewe huwazuia bakteria wasiendelee kuivunja. Mwezi Mei 2025 nchi wanachama wa Mkataba wa Stockholm, Kongo ikiwa mojawapo, ziliiingiza dawa hiyo katika orodha ya zinazopaswa kuondolewa duniani, pamoja na misamaha kadhaa.

Kuhusu glifosati, dawa ya magugu iliyoingia sokoni mwaka 1974 na ambayo jina lake ndilo huwasha moto mikutano yote, sitaki kusema zaidi ya ninachokiamini. Inafunga kimeng'enya ambacho mimea inacho, na bakteria na kuvu wengi wanacho pia, kwa hiyo hofu ina msingi. Hata hivyo tafiti nyingi zilizotumia kipimo cha shambani zimeona mabadiliko madogo ya muda mfupi. Oksidi za chuma za udongo wetu huishika kwa nguvu, kwa namna ile ile zinavyoishika fosforasi. Mkulima akitia mbolea ya fosforasi, baadhi yake inaweza kuachiliwa tena. Madhara yake makubwa ninayaona katika kile inachokiacha: ardhi isiyo na mzizi hai hata mmoja kwa wiki kadhaa, wakati vijidudu vimeamka na vina njaa.

Kila dawa peke yake, basi, ina kesi ya kujitetea. Shida ni kwamba haziingii udongoni moja moja. Watafiti waliopima sampuli 317 za udongo wa mashamba ya Ulaya, matokeo yakachapishwa mwaka 2019, walikuta mabaki ya dawa katika asilimia 83 ya sampuli, na nyingi zilikuwa na mchanganyiko. Uswisi, mwaka 2021, mashamba 100 yalipimwa, 40 yakiwa ya kilimo hai. Hakuna hata moja lililokosa mabaki, na pale aina za dawa zilipokuwa nyingi, maikoriza na wingi wa vijidudu vilikuwa pungufu.

Kisha kuna Auckland, New Zealand, mfano ambao ningependa kila afisa kilimo wa Haut-Katanga aujue. Mwaka 2003 watafiti waliochunguza bustani za matunda za zamani, zilizopigwa DDT na shaba kwa miongo mingi, walitoa ushahidi wa awali kwamba pale shaba ilipokuwa nyingi, DDT ilivunjika polepole zaidi. Maana yake ni nzito. Wanaosafisha udongo ni vijidudu. Ukiwadhoofisha kwa metali, dawa nyingine zinakaa muda mrefu kuliko lebo inavyoahidi. Takwimu ya kwamba dawa fulani huisha nusu yake kwa siku 30 ilipatikana katika udongo ambao wasafishaji wake ni wazima. Na dawa isipovunjika hatujui hukaa mpaka lini: Vikuge, karibu na Kibaha nchini Tanzania, shehena kubwa ya viuatilifu iliyotolewa kama msaada kutoka Ugiriki mwaka 1986 iliachwa kuharibika, na miaka mingi baadaye udongo wa pale bado ulikuwa umejaa DDT na HCH.

Vipimo vya kimataifa vyenyewe havikututazama. Jaribio mashuhuri la kupima kama dawa inadhuru vijidudu, lile la OECD nambari 216 la mwaka 2000, huangalia jinsi udongo unavyogeuza naitrojeni; tofauti isipozidi asilimia 25 baada ya siku 28, dawa inahesabiwa kuwa haina athari ya muda mrefu kwa kazi hiyo. Mwongozo wake unataka udongo wa kichanga wenye pH kati ya 5.5 na 7.5. Udongo mwingi wa Lubumbashi hauingii mlangoni. Tena inapimwa dawa moja, mara moja, katika udongo usio na historia. Siwalaumu walioandika; waliandika kwa ajili ya nchi zao. Lakini cheti kilichotolewa kwa udongo huo hakiwezi kuletwa Kashamata kama kilivyo.

Nisieleweke kwamba nawaambia watu watupe mabomba. Kiwavijeshi vamizi kilionekana Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016, na msimu ule ule kikaingia Zambia na Katanga. Aliyefungua kiini cha hindi akakuta kiwavi amekaa katikati ya unga wa kinyesi chake, na shamba zima liko hivyo, hahitaji mhadhara. Lubumbashi inakula bukari, yaani ugali, ya mahindi yanayotoka Zambia kwa sehemu kubwa; Zambia ikifunga mpaka, bei ya mfuko wa unga hupanda ndani ya siku chache na watoto wanalala na njaa. Hekta ya mahindi iliyookolewa Kipushi au Kasenga ni jambo la heshima. Hoja yangu ni ya mpangilio: dawa iwe ya mwisho na iliyopimwa, na kabla yake iwepo kazi ya kuwarudishia vijidudu makao.

Kazi hiyo inajulikana, na sehemu yake imefanyiwa majaribio Penga Penga kwenyewe. Mylor Ngoy Shutcha na wenzake wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walichukua nyasi inayoota kwa asili kwenye vilima vya shaba, Microchloa altera, wakaipanda katika ardhi tupu ya moshi pamoja na chokaa na mboji. Ilishika. Chokaa hupunguza uchachu, na uchachu ukipungua shaba hufungika, haiyeyuki kirahisi kwenye maji ya udongo. Mboji nayo huikamata. Metali bado ipo, kilo kwa kilo, ila haiwafikii vijidudu kama zamani. Mantiki hiyo hiyo inafaa bustanini. Chokaa ipo: mawe ya Kakontwe, jirani na Likasi, yamechomwa tangu enzi za Union Minière kwa ajili ya viwanda, ingawa bei yake na usafiri humshinda mwenye matuta sita. Samadi ya kuku ipo. Udongo wa kichuguu upo, na hauhitaji fedha za kigeni. Ukiuliza mimi, mfuko wa chokaa unaofikishwa bondeni kwa bei nafuu ungefanya zaidi kwa udongo wa Lubumbashi kuliko semina kumi kuhusu hatari za dawa.

Kwa kiwavi, kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE nchini Kenya, chini ya Zeyaur Khan na wenzake, kilibuni njia ya kupanda desmodiamu kati ya mistari ya mahindi na nyasi ya kulishia mifugo pembezoni. Desmodiamu hufukuza nondo, na kwa kuwa ni jamii ya kunde, inawalisha rizobia na kufunika udongo. Utafiti wa mwaka 2018 ulikuta mashamba ya aina hiyo yakiwa na viwavijeshi vamizi wachache sana kuliko ya mahindi matupu. Inahitaji mbegu na mifugo ya kula nyasi, na si kila familia ya Lubumbashi inavyo; lakini pale inapowezekana, inaondoa sababu ya kununua chupa.

Upande wa serikali una mambo mawili tu ambayo ningeyadai kesho. Kongo ina sheria ya kilimo nambari 11/022 ya tarehe 24 Desemba 2011, na iko katika mikataba ya Stockholm na Rotterdam kuhusu kemikali hatari. Tanzania na Kenya zina mamlaka zinazosajili viuatilifu na kutoa orodha ambayo mkulima anaweza kuiona. Kwanza, kila chupa inayouzwa Lubumbashi, hata iliyogawanywa, iwe na jina la dawa na kipimo chake kwa Kiswahili na Kifaransa. Pili, kabla dawa ya shaba haijauzwa kwa ajili ya bustani za mjini, udongo wa bustani hizo upimwe shaba. Chuo kikuu kina wataalamu wa kufanya hivyo. Kinachokosekana ni agizo na mafuta ya gari.

Na mwenye matuta, asiyekuwa na maabara, anacho kipimo chake. Apande mstari wa maharage au karanga katika sehemu mbili: mmoja karibu na nyanya zinazopigwa dawa kila wiki na pale anaposuuzia bomba, mwingine mbali, pasipopigwa dawa. Mimea ikianza kuchanua aing'oe taratibu kwa jembe, asiivute kwa nguvu, maana vinundu vitabaki ardhini. Asuuze mizizi kwenye ndoo. Ahesabu vinundu, kisha akate vichache kwa ukucha. Kinundu kinachofanya kazi ndani yake ni cha waridi iliyokolea, karibu na nyekundu, kwa sababu kina protini ya ukoo mmoja na ile inayoifanya damu yetu kuwa nyekundu. Kisichofanya kazi ni cheupe au cha kijani kibichi. Aiweke mizizi ya mistari yote miwili kando kwa kando juu ya gunia, aiangalie, kabla hajaenda kwa muuzaji kununua chupa ya wiki ijayo.